Sasisho la usalama lisiguse mpangilio wa kazi

Kompyuta za steshenari yangu, iliyo jirani na chuo mjini Morogoro, zilipokea toleo jipya la mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, katika wiki ileile ambayo wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wakiwasilisha tasnifu zao. Hakuna aliyetuuliza kama wiki hiyo ilitufaa. Kampuni iliyotengeneza mfumo huo sitaitaja, kwa sababu ninachokilalamikia si tabia ya kampuni moja. Ni desturi iliyoenea katika tasnia nzima, ya kuyafunga pamoja mambo mawili yasiyohusiana, yaani ulinzi wa kompyuta na mabadiliko ya namna inavyotumika, kisha kumwambia mtumiaji ayapokee yote au ayakose yote. Desturi hiyo inaniudhi sana, na nimeona niieleze kwa utulivu, nikianza na kazi yenyewe.

Asiyefanya kazi ya steshenari anaweza kudhani kwamba kuchapa ni kubofya kitufe kimoja. Mteja anapoleta flashi, kwanza hukaguliwa virusi, kisha faili hufunguliwa, kurasa huhesabiwa, na zile zenye picha za rangi hutengwa na zile za maandishi meusi, kwa kuwa kila kundi lina printa yake na bei yake. Akija mwingine kutaka vyeti vyake viskaniwe kwa ajili ya maombi ya mkopo au ya ajira, skana lazima itoe faili la PDF lenye uzito mdogo, maana mifumo mingi ya maombi ya mtandaoni hukataa kiambatisho kikizidi ukubwa uliowekwa. Mafaili yote ya wateja huingia katika folda moja ya siku, na folda hiyo husafishwa jioni ili vyeti vya watu visibaki katika kompyuta zetu. Kila printa tuliipa jina la Kiswahili katika orodha, ile ya maandishi meusi ikiwa chaguo la kwanza ili mtu asimwage wino wa rangi kwa bahati mbaya. Hakuna hata kimoja kati ya haya kilichokuja na kompyuta. Tulivijenga wenyewe kidogokidogo kwa miaka, kila kimoja kikijibu tatizo lililokwisha kututia hasara, na binti anayenisaidia alikuwa ameuzoea mpangilio huo kiasi kwamba aliweza kumsikiliza mteja wa pili huku mikono yake ikimalizia kazi ya mteja wa kwanza.

Asubuhi ya kwanza baada ya sasisho, aliniita: "Dada, printa inadai karatasi ambayo hatuna." Alikuwa amesema kweli. Mipangilio ya printa ilikuwa imerudi kama ilivyotoka kiwandani, na ukubwa wa karatasi ulikuwa umebadilika kutoka A4 na kuwa Letter. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Letter, ambayo ni karatasi ya kawaida ya Marekani na Kanada, ni pana kidogo, takriban milimita 216, lakini ni fupi, takriban milimita 279. Kwa macho tofauti hiyo ni ndogo. Kwa tasnifu ni kubwa, kwa sababu chuo huweka vipimo vya pambizo, hasa upande wa kushoto ambako kitabu hujalidiwa, na programu inapojaribu kusaidia kwa kuipunguza kazi ili ienee katika karatasi fupi, pambizo hizo huharibika zote kwa pamoja. Printa nyingine haijaribu hata kusaidia: huwasha taa, husimama, na kazi zote zilizo nyuma yake kwenye foleni husimama nayo. Katika duka zima, na nadhani katika mtaa mzima, hakuna hata bunda moja la karatasi za Letter.

Tulirekebisha ukubwa wa karatasi katika kompyuta moja, tukadhani tumemaliza. Kumbe lugha na eneo navyo vilikuwa vimerudishwa kwenye Kiingereza cha Marekani, na tarehe zikaanza kuandikwa kwa kutanguliza mwezi. Hili ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu kosa lake halijitangazi. Tarehe 25 Machi haiwezi kusomwa vinginevyo, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, hivyo mtu akiona namba imekaa vibaya atashtuka. Lakini tarehe 4 Machi na tarehe 3 Aprili hubadilishana nafasi bila mtu kujua, na siku 12 za mwanzo wa kila mwezi, isipokuwa ile yenye namba sawa na ya mwezi wake, zina hatari hiyo. Katika jedwali la wateja wanaolipa kwa awamu ni usumbufu. Katika fomu ya mtu anayeandika tarehe yake ya kuzaliwa, ambayo italinganishwa na cheti chake na kitambulisho chake, ni jambo linaloweza kumfungia mlango.

Skana ndiyo iliyoumia zaidi. Ni ya zamani, lakini kioo chake ni kizima na mwanga wake ni mzuri, na isingekuwa sasisho ingefanya kazi kwa miaka mingine. Mfumo mpya haukuitambua. Aliyeitengeneza haandiki tena draiva, yaani programu ndogo inayokiwezesha kifaa kuelewana na kompyuta, kwa ajili yake, na mfumo ukaikataa draiva ya zamani. Mafaili ya PDF nayo yakawa yanafunguka katika kivinjari badala ya programu tuliyoizoea, na kivinjari kina ukurasa wake wa kuchapia wenye vitufe tofauti, hivyo kila hatua ambayo msaidizi wangu aliifanya bila kufikiri sasa ilimlazimu asimame, asome, na achague. Mistari myekundu ikajaa chini ya kila neno la Kiswahili, maana kamusi ya maneno tuliyoyaongeza wenyewe ilikuwa imetoweka pamoja na mipangilio mingine.

Nimesikia watu wakisema kwamba malalamiko ya namna hii ni uvivu wa kujifunza. Sikubali. Kujifunza ni kupata uwezo ambao hukuwa nao. Kutafuta upya mahali palipohamishiwa kitufe ambacho jana ulikijua hakukupi uwezo wowote mpya. Kunakurudisha tu pale ulipokuwa, baada ya kukugharimu asubuhi nzima na uvumilivu wa wanafunzi waliosimama mlangoni wakitazama saa. Gharama hiyo hailipwi na aliyeamua kukihamisha kitufe. Hulipwa na mtu anayetoza shilingi chache kwa kila ukurasa.

Wala sisemi kwamba kompyuta zisisasishwe. Tarehe 12 Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kufunga mafaili ya watu na kudai fedha ili yafunguliwe, na kwa siku chache kikafika katika nchi zaidi ya 150. Hospitali za huduma ya afya ya taifa nchini Uingereza ziliathirika vibaya, na wagonjwa wakaahirishiwa matibabu. Kilisambaa kupitia udhaifu katika njia ambayo kompyuta za Windows hutumia kugawana mafaili zikiwa kwenye mtandao mmoja, na kiraka cha kuuziba udhaifu huo kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka huohuo. Waliokiweka mapema walinusurika. Steshenari hugawana mafaili kutwa nzima, na hupokea flashi za watu ambao hawajui zilikopita. Mtu wa kazi yangu akipuuza viraka vya usalama, anahatarisha tasnifu za watu, na hilo sitalifanya.

Ndiyo maana kufungwa pamoja kwa mambo haya mawili kunaniuma. Kwa kuwa ninauhitaji ulinzi, ninalazimika kuukubali na ukarabati nisiouomba. Ni sawa na mwenye nyumba anayekuja kubadilisha kitasa kibovu cha mlango, jambo la kushukuriwa, kisha akaondoka akiwa amehamisha jiko, amefuta majina kwenye makopo ya viungo, na ameitupa sufuria aliyoiona imechakaa. Na akiulizwa, anajibu kwamba kitasa kilikuwa kibovu.

Matatizo yenyewe si mapya, na mengine yako wazi katika kumbukumbu za umma. Mwaka 2012 Microsoft ilitoa Windows 8 na kukiondoa kitufe cha kuanzia kilichokuwa pembeni mwa skrini tangu Windows 95, na mwaka uliofuata, katika toleo la 8.1, ikakirudisha. Oktoba 2019 Apple ilitoa macOS Catalina, toleo la mfumo endeshi wa kompyuta zake, ambayo haikuweza tena kuendesha programu za biti 32, yaani zilizoandikwa kwa muundo wa zamani, na watu waliokuwa na programu za zamani walizozilipia na zisizokuwa na toleo jipya wakabaki ama na kompyuta isiyosasishwa ama na programu isiyofunguka. Mbaya kuliko hayo ni lile la Oktoba 2018, ambapo sasisho kubwa la Windows 10 lilisitishwa siku chache baada ya kuanza kusambazwa, kwa kuwa lilikuwa likifuta mafaili ya baadhi ya watumiaji. Walioathirika ni watu waliokuwa wamezihamisha folda zao za nyaraka au picha kutoka mahali pake pa kawaida. Sasisho lilizichukulia zile za mahali pa zamani kuwa nakala zisizo na kazi, likazifuta pamoja na mafaili yaliyokuwa yamebaki ndani yake. Lilirudi kusambazwa mwezi uliofuata likiwa limerekebishwa. Nawafikiria watu hao kila ninapoona ujumbe unaosema kwamba mafaili yangu yako palepale nilipoyaacha. Walikuwa wameipanga kompyuta kwa namna iliyowafaa, na kosa la sasisho liliwapata kwa sababu hiyohiyo.

Kwa haki lazima nieleze na upande mwingine, kwa kuwa kuna wakati ulinzi wenyewe hauwezi kuja bila kubadilisha kazi. Katikati ya mwaka 2021 uligunduliwa udhaifu mkubwa katika sehemu ya Windows inayopanga foleni za uchapaji, ukapewa jina la PrintNightmare, na viraka vya dharura vikatolewa mwezi Julai. Mwezi Agosti likaja badiliko jingine: kuanzia hapo, kuweka draiva ya printa kulihitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Ofisi nyingi zilizozoea kumwacha kila mfanyakazi ajiunganishe mwenyewe na printa ya pamoja zilisumbuka. Hata hivyo sababu ilielezwa, na badiliko lilitokana moja kwa moja na udhaifu uliokuwa ukizibwa. Usumbufu wa namna hiyo ninaweza kuupokea na kumweleza mteja bila haya. Lakini ukubwa wa karatasi hauna udhaifu wowote wa kuzibwa. Jina la Kiswahili la printa halimpi mwizi njia ya kuingilia.

Wapo watakaoniambia kwamba haiwezekani kitaalamu kuyatenganisha mambo haya. Inawezekana, na inafanyika kila siku kwa ajili ya watu wengine. Microsoft ina toleo la Windows liitwalo LTSC, linalopokea viraka vya usalama kwa miaka 5 au 10 bila kuongezewa vipengele vipya, kwa ajili ya mashine ambazo hazitakiwi kubadilika, kama vifaa vya hospitali, mitambo ya viwandani na mashine za kutolea fedha. Toleo hilo huuzwa kwa taasisi, kwa mikataba ya leseni zake; mwenye steshenari haendi dukani akalinunua. Ubuntu, ambayo ni mfumo endeshi wa bure, hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka 2, mwezi wa Aprili, na hulilinda kwa miaka 5. Hata katika simu jambo hili limewahi kujaribiwa: mwaka 2021, Apple ilipotoa iOS 15, toleo la mfumo wa simu zake za iPhone, iliahidi kwamba mwenye simu angeweza kubaki na iOS 14 na kuendelea kupata masasisho muhimu ya usalama. Ilipofika mwanzoni mwa mwaka 2022 nafasi hiyo ilikuwa imefungwa, na aliyetaka usalama akalazimika kuhamia toleo jipya.

Windows 10 ilipofikia mwisho wa kuhudumiwa, tarehe 14 Oktoba 2025, uthibitisho ulikuja kutoka kwa Microsoft yenyewe. Watumiaji wa kawaida waliojiandikisha walipewa nafasi ya kuendelea kupata masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026, bila vipengele vipya vyovyote. Hicho ndicho hasa ninachokiomba. Kumbe kinaweza kutolewa hata kwa mtu mmoja mwenye kompyuta moja, ila kinatolewa mwishoni, mfumo ukiwa kwenye kitanda cha mauti, na kwa muda mfupi. Kwa nini kisitolewe tangu siku ya kwanza?

Swali hili lina uzito wa pekee kwetu kwa sababu ya aina ya kompyuta tunazotumia. Windows 11 inadai kompyuta yenye kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa kampuni ya Intel inakubali vichakataji, yaani chipu kuu za kompyuta, vya kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa vichache, yaani vilivyoanza kutoka mwaka 2017. Kompyuta za mtumba zinazofanya kazi katika steshenari, shule na ofisi ndogo nyingi hapa nchini ni za kabla ya hapo. Zinafungua Word, zinachapa, zinaskani, na hazina ugonjwa wowote isipokuwa umri. Mwenye nazo akiambiwa kwamba hatapata ulinzi hadi apate pia sura mpya, na sura mpya haiwezi kuingia katika mashine yake, basi amenyimwa ulinzi kwa sababu ya kitu ambacho hakukihitaji.

Na kuna bando. Sasisho kubwa la mfumo endeshi hubeba gigabaiti kadhaa, na likishuka katika kompyuta tatu kila moja kivyake, mara tatu ya data hutumika. Katika ofisi yenye mtandao wa mkongo wa kulipia kwa mwezi hakuna anayeliona. Kwetu sisi tunaogawa intaneti kutoka kwenye simu, linaweza kumaliza bando la wiki kabla ya mteja wa kwanza, na umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, kompyuta isiyo na betri inaweza isiwake tena. Mifumo mingi ina mahali pa kuiambia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, ili isipakue vitu vikubwa bila idhini, na ningemshauri kila mwenye duka apatafute leo. Hata uwezo wa kuahirisha masasisho kwa muda mrefu uligawiwa kwa bei: Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, toleo la Home halikuwa na nafasi hiyo iliyokuwamo katika toleo la Pro, na lilipewa kitufe cha kuyasitisha mnamo mwaka 2019 tu, kwa siku zisizozidi 35. Aliyenunua toleo la bei ndogo ndiye aliyesubiri, ingawa mara nyingi ndiye asiye na fundi wa kumwita.

Katika duka letu tumeamua hivi. Kompyuta inayohudumia printa na skana sasa inatumia Ubuntu ya muda mrefu, na skana ambayo mfumo ule mpya uliikataa ilitambuliwa humo bila kutafutiwa draiva, kwa kuwa wanaoandika programu huria za kuskania wameendelea kuvitunza vifaa vya zamani. Msaidizi wangu alikuwa na mashaka siku za mwanzo, na aliniambia wazi kwamba haoni sababu ya kujifunza mfumo wa tatu baada ya kuvurugwa na wa pili. Nilimwelewa, na tulikaa pamoja jioni kadhaa tukiupanga upya kwa majina yetu, kwa folda zetu, na kwa A4. Kompyuta mbili zilizobaki zinaendelea na mfumo wao, kwa sababu wateja huleta kazi zinazohitaji programu ambazo hazipatikani kwingine. Masasisho yake ya usalama tunayaweka kila wiki, Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa. Masasisho makubwa tunayaahirisha hadi siku ya mwisho inayoruhusiwa, na hatuyagusi kabisa katika miezi ya tasnifu.

Mipangilio yote tumeiandika katika daftari, ukurasa mmoja kwa kila kompyuta: ukubwa wa karatasi, majina ya printa, uzito wa faili la skana, mpangilio wa tarehe, lugha, eneo, na programu inayofungua kila aina ya faili. Kamusi yetu ya maneno ya Kiswahili tumeinakili kwenye flashi inayokaa katika droo ya fedha. Baada ya kila sasisho, msaidizi wangu hufungua daftari, akakagua mstari kwa mstari, kisha akachapa ukurasa mmoja wa majaribio wenye mstari uliochorwa pembezoni, akaupima kwa rula. Ukitoka na milimita zake kamili, tunafungua mlango.